Ngome kongwe ya Verona na daraja lililoopolewa mtoni

Mazungumzo haya niliyatoa jioni moja Ngome Kongwe, Unguja, mbele ya waashi, wanafunzi wa ufundi wa majengo na vijana wanaotembeza wageni Mji Mkongwe. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Matani mawili matatu nimeyaacha pale pale uwanjani.

Assalaam alaykum, na hamjambo. Wazee wangu mlioketi mbele, mafundi, na nyinyi vijana mnaozungumza Kitaliano kunishinda mimi, ahsanteni kwa kuja. Nimeambiwa nina nusu saa. Aliyenipa nusu saa hanijui.

Nianze na jina. Castello mnalijua, wageni wenu wanalitaja kila siku. Vecchio ni cha zamani, kikuukuu. Ukiyaunga unapata Castelvecchio, yaani ngome kongwe. Basi mimi nimekaa angani saa zisizohesabika, nikapanda treni kutoka Milano anakoishi binti wa dada yangu hadi mji wa Verona, Italia, nikatembea kwenye baridi ya Februari na koti la kuazima lililonifika magotini, nikasimama mbele ya ukuta mrefu wa matofali mekundu, nikasoma kibao, nikacheka peke yangu njiani mpaka mama mmoja akavuta mtoto wake pembeni. Nimetoka Ngome Kongwe nimefika Ngome Kongwe.

Tena si jina tu. Hii tuliyomo waliijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ile ya Verona ilianzwa 1354, na katika kiwanja chake nako kulikuwa na kanisa, la Mtakatifu Martin; ngome yenyewe mwanzo iliitwa kwa jina la kanisa hilo. Hilo la "kongwe" lilikuja baadaye, ilipojengwa ngome nyingine juu ya kilima ng'ambo ya mto, ikabidi watu watofautishe. Kisha mwaka 2000, katika kikao kimoja cha UNESCO, Verona na Mji Mkongwe wa Zanzibar zikaingia pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Wametoka jando moja.

Tofauti ni mto. Sisi tuna bahari, na bahari huijengei daraja. Wao wana Adige, mto wa pili kwa urefu Italia, kilomita 410 hivi kutoka milima ya Alpi hadi bahari ya Adriatiki. Maji yake siku ile yalikuwa ya kijani kilichotiwa maziwa, na yanakwenda mbio. Sikutarajia mbio zile. Ukiutazama mto ule kutoka juu ya daraja kwa dakika moja unahisi ni daraja linalosafiri.

Sasa, mwenye ngome. Aliitwa Cangrande wa Pili, wa ukoo wa della Scala uliotawala mji. Watu walimpa jina la utani la mbwa mwenye kichaa, kwa hiyo mnaweza kukisia alikuwa bwana wa namna gani. Mwanzoni mwa 1354 alikuwa safarini, nyuma yake ndugu yake wa baba, Fregnano, akaunyakua mji. Cangrande akarudi, akaurudisha mji mkononi, Fregnano akafa katika vurugu hiyo. Tangu hapo bwana yule hakulala usingizi. Akaamua kujenga ngome. Na hapa ndipo napenda tusimame kidogo, kwa sababu vijana mnaotembeza wageni huwa mnasema ngome hujengwa kumzuia adui wa nje. Hii ya Verona ilijengwa kwa kuwaogopa watu wa nyumbani. Na daraja lililotoka ndani yake halikuwa la wananchi kuvukia kwenda sokoni. Lilikuwa mlango wa nyuma. Mji ukigeuka, bwana atoke zake, avuke, ashike njia ya kaskazini kwenda Tyrol kwa shemeji yake, maana mkewe Elisabeth alitoka katika ukoo wa watawala wa Bavaria.

Lilimfaa? Mwaka 1359 aliuawa, na aliyemuua ni ndugu yake mwingine, Cansignorio. Daraja zima lile, na siku ilipofika hakupata hata nafasi ya kulikimbilia.

Lakini kazi ya fundi haina kosa la tajiri wake. Mafundi sikilizeni vizuri. Daraja lina matao matatu, urefu wake wote kama mita 120. Tao kubwa liko upande wa ngome, na upana wake ni mita 48.70. Nusu ya kiwanja cha mpira, bila nguzo katikati, kwa jiwe, tofali na chokaa, katika karne ya 14. Yanayofuata yanapungua, 29 na 24 hivi. Lile kubwa lilikuwa miongoni mwa matao mapana kabisa duniani kwa zama zake.

Na angalieni umbo. Tao la nusu duara mnalijua, milango yetu ya mapokezi imejaa. Lakini nusu duara yenye upana wa mita 48 lazima ipande mita 24, na hapo daraja linakuwa mlima, farasi atafika juu ulimi nje. Kwa hiyo mafundi wale walichukua kipande tu cha duara, tao lililolala. Zuri, jepesi machoni. Lakini tao lililolala lina tabia mbaya: linasukuma pembeni. Kadiri unavyolilaza ndivyo linavyozidi kutanua miguu. Kinachoizuia isiteleze ni nguzo nene na kingo nzito. Na katika daraja la matao yaliyofuatana, kila moja linamwegemea mwenzake. Mkitaka kujua uzito wa maneno haya subirini tufike 1945.

Kuna hadithi ya mjini pale, nawapeni kama hadithi: kwamba siku ya kulifungua daraja, fundi mkuu alikuja amepanda farasi, tayari kutimka likianguka. Mimi naiamini. Si kwa kuwa imeandikwa, ila namjua fundi.

Juu ya kuta za daraja kuna meno, yale ya kujifichia wapiga mishale, yamekatwa katikati kama mkia wa mbayuwayu. Meno ya namna ile yalikuwa alama ya siasa. Waliomuunga mkono mfalme mkuu wa Ujerumani dhidi ya Papa walijenga hivyo. Yaani ungeweza kusoma chama cha mtu kwenye ukuta wake. Sehemu za juu ni tofali jekundu, za chini ni jiwe jeupe. Leo magari hayapiti. Nilikuta watoto wamepanda vidato hadi kwenye meno wanakula vitafunio, na baba mmoja anasukuma baiskeli huku akizozana na simu. Mlango wa siri wa mtawala mwoga umekuwa baraza ya kila mtu. Mimi nikatoa mkono kwenye glavu, nikapitisha kidole kwenye kiungo baina ya tofali na tofali. Zoea la kazi. Chokaa yake ngumu, kavu, imeingia ndani kidogo kuliko uso wa tofali, na tofali zenyewe hazilingani, moja limebenjuka, jingine lina alama kama ya kidole. Nikajisemea, karne saba hizi, mashaallah.

Nilikuwa nimekosea kwa karne sita na ushei.

Maana daraja lile lilivuka mengi. Venezia ilitawala mji tangu 1405, daraja lipo. Wafaransa wa Napoleon wakaja. Watu wa Verona wakawaasi siku za Pasaka 1797, na baada ya hapo Wafaransa wakaikata minara ya ngome vichwa. Mwaka 1801 mkataba ukaupasua mji, Mfaransa upande huu wa Adige, Mwaustria upande ule, mto ukawa mpaka. Septemba 1882 mto ukafurika, mafuriko ambayo mpaka leo yanasimuliwa, na baada yake mji ukajengewa kuta ndefu za kingo. Daraja likasimama. Halafu usiku mmoja wa mwisho wa Aprili 1945, vita vya Ulaya vikiwa vimebakiza wiki mbili kwisha, jeshi la Wajerumani linalorudi nyuma likalipua madaraja ya Verona. Yote. Hili, na Ponte Pietra, daraja la Warumi la tangu kabla ya Masihi. Nilikwambieni matao yanaegemeana. Asubuhi watu waliamka wakakuta mto, na ndani ya mto kifusi.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Palikuwa na mtu anaitwa Piero Gazzola, msimamizi wa majengo ya kale wa Verona tangu 1941. Daraja lilipolipuliwa, picha zilikuwapo na vipimo vilikuwapo. Vilichukuliwa daraja likiwa bado zima. Fikirini maana yake. Mji uko vitani, mabomu yanashuka, chakula cha mgao, na kuna watu wako juu ya daraja na tepu wanaandika urefu wa jiwe. Najua aliyepita pale aliwaambia nini. Nimeambiwa hivyo hivyo mimi mwenyewe, tena wakati wa amani: "Huna kazi ya kufanya?"

Baada ya vita wakaingia mtoni. Mawe yakaopolewa. Na jiwe la tao, wanafunzi wangu, si jiwe tu. Limechongwa kama kabari, kichwa kipana na mguu mwembamba, na lina pahala pake. Ukiwa na picha na kipimo, jiwe lililotoka topeni unaweza kulirudisha kwake. Usipokuwa navyo, hicho ni kifusi, na kifusi hufukiwa shimo la barabara. Wakajenga kiunzi cha mbao kushikilia matao mapya mpaka yakae, mawe ya zamani yakarudi, palipopungua wakajaza. Kazi ilianza 1949, ikamalizika 1951. Ponte Pietra lilisubiri zaidi, likamalizika 1959, nalo kwa mawe yaliyotoka mtoni. Gazzola huyo huyo baadaye alikuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa Mkataba wa Venezia wa 1964, ule ambao kila mtu wa majengo ya kale husomeshwa, na nyinyi mtasomeshwa, na mtausahau baada ya mtihani.

Kwa hiyo chokaa niliyoipapasa, nikaisifu karne zake, yumkini ilikuwa na umri wangu na wa kaka yangu. Nilirudi kupatafuta pale mawe mapya yanapokutana na ya zamani. Nilikwenda huku na huku juu ya daraja lile hadi mzee mmoja mwenye mbwa akaniuliza kwa ishara kama nimepoteza kitu. Sikupata kwa yakini. Ponte Pietra ni rahisi zaidi kusoma: matao ya jiwe jeupe la Warumi yako upande mmoja, tofali jekundu la zama za baadaye upande mwingine, kama kanzu iliyotiwa kiraka na mshoni asiyeona haya.

Nina sababu ya kuning'inia kwenye suala la vipimo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana kama nyinyi, nilitumwa kupima nyumba moja Mji Mkongwe. Siitaji. Ghorofa mbili, uwanda katikati, ngazi ya boriti, na kwenye chumba cha juu kulikuwa na vidaka, zile shubaka ndogo za plasta, ukuta mzima, safu kwa safu. Nilikaa siku tisa. Nilihesabu vidaka, nikachora kila kimoja, kwa penseli, kwenye daftari la skuli lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nikalikabidhi ofisini. Miaka ikapita, masika moja nyumba ile ikashuka, paa lilikuwa likivuja muda mrefu na boriti zikaoza kwenye vichwa vyake ndani ya ukuta, kama zinavyooza zote. Warithi wakataka kujenga upya, wakaja wakaniuliza. Nikawaambia msijali, vipimo vipo. Tukenda ofisini. Daftari halikuwapo. Kabati lilikuwapo, daftari hakuna. Hakuna aliyelichukua, hakuna aliyelitupa, hakuna anayelijua. Nilijaribu kuvichora vidaka vile kwa kukumbuka. Nilikumbuka vingi kuliko nilivyodhani, lakini kukumbuka si kupima, na waliojenga wakajenga ukuta mtupu wakaupaka rangi ya krimu.

Sijamlaumu mtu. Nimejilaumu mwenyewe kwa kutotoa nakala. Kila nikipita mtaa ule naangalia upande wa pili.

Basi. Turudi ngomeni, maana sikuwaingiza ndani bado.

Ndani sasa ni makumbusho, tangu 1926. Lakini sura inayowaleta wasanifu majengo kutoka kote duniani aliitoa Carlo Scarpa, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950. Mtu huyu alitumia zege na chuma ndani ya ngome ya karne ya 14, na wazee wa uhifadhi watashtuka. Nami nilikwenda nimeshajiandaa kushtuka. Tazama alichofanya. Sakafu yake mpya haiugusi ukuta wa zamani. Inakaribia, halafu inasimama, inaacha mwanya wa kiasi cha viganja, kama mkeka uliotandikwa chumbani. Kipya kinajitambulisha kuwa kipya, na cha zamani kinabaki na ngozi yake. Nilipiga magoti kuangalia mwanya ule. Mlinzi akanijia. Nikamwonyesha mwanya, akatabasamu akaondoka. Naona si mimi wa kwanza.

Linganisheni na tunavyofanya sisi tunapopaka saruji juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe letu linapumua. Chokaa inaliacha lipumue, saruji inaliziba pumzi, unyevu unabaki ndani, chumvi inatoka kwa nguvu, plasta inamenyuka, na fundi anaitwa tena mwakani. Pengine ndiyo maana anapaka saruji.

Kitu kimoja kingine cha Scarpa, kisha nimwache. Kuna sanamu ya jiwe ya Cangrande wa Kwanza juu ya farasi. Huyu alikuwa mtu mwingine kabisa kuliko yule wa mlango wa nyuma: ndiye aliyempokea mshairi Dante alipofukuzwa kwao Firenze. Alikufa 1329, siku chache baada ya kuutwaa mji wa Treviso, na mwaka 2004 walipoufungua mwili wake, uliokuwa umekauka bila kuoza, wakakuta ndani yake dalili za mmea wa sumu. Scarpa aliiweka sanamu yake juu kabisa, nje, kwenye ulimi wa zege uliochomoza hewani, pale pengo linapokata jengo. Unaiona kutoka chini, kutoka pembeni, kisha unapanda unakutana naye uso kwa uso. Anacheka. Mtu wa miaka mia saba, amepigwa sumu, anacheka. Nilikaa naye muda kuliko nilivyokaa na picha zote za ukutani, na kuna picha za thamani kweli. 17 ziliibwa Novemba 2015 zikaja kupatikana Ukraine mwaka uliofuata.

Na kuna jambo ambalo kibao hakikunieleza kwa upande unaotuhusu sisi, nikajieleza mwenyewe. Januari 1944, ndani ya ngome hii, ilifanyika kesi ya wakubwa wa chama cha Kifashisti waliopiga kura kumwangusha Mussolini. Mmoja alikuwa Ciano, mkwewe. Mwingine alikuwa jenerali mzee wa miaka 77, Emilio De Bono. Jina hilo Afrika Mashariki tulistahili kulikumbuka zaidi: ndiye aliyeongoza majeshi yaliyoivamia Uhabeshi Oktoba 1935. Wapo katika sisi ambao babu zao walivalishwa sare za KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakapelekwa Somalia na Uhabeshi 1941 kuwatoa Wataliano. De Bono alipigwa risasi Verona tarehe 11 Januari 1944, na aliyeiacha hukumu ipite ni bwana aliyemtumikia. Nilitoka nje kupata hewa. Ngome ile ina mazoea ya ndugu kuuana.

Nikarudi darajani jua linazama. Na nitakuwa mwongo nikisema niliwaza Verona. Niliwaza jirani yetu hapa, hatua chache kutoka mlango wa ngome hii. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, la Sayyid Barghash, 1883. Lilipigwa mizinga ya Waingereza 1896 likasimama. Tarehe 25 Disemba 2020 ubavu wake mmoja ulishuka pamoja na mnara wa saa, kazi ya ukarabati ikiendelea, na mafundi wawili walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Baadhi yenu mlifanya kazi nao. Siku ile nilisimama Forodhani na watu wengine, kila mtu na simu juu anapiga picha ya vumbi. Nikawa najiuliza kimya kimya: nani ana picha ya jana? Si picha ya bibi harusi na jengo nyuma. Picha ya nguzo. Ya kitako cha nguzo, ya kiungo cha roshani, yenye futi pembeni.

Methali ya ufa na ukuta mnaijua, siirudii hapa. Kwanza haitoshi, maana kuna majengo ufa wake hatuna fedha za kuuziba. Fedha si zetu, vibali si vyetu, na nyumba nyingi zina warithi kumi na wanane na mmoja yuko Muscat na mwingine Toronto. Kupima hakuhitaji kibali cha mtu wala fedha. Kunahitaji tepu, penseli, timazi, na mwenzako wa kushika ncha ya pili. Na nakala mbili! Moja ikae kwa mtu mwingine, mtaa mwingine.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Nimemaliza, ila sijamaliza na nyinyi. Ndani ya kikapu hiki kuna tepu nne na madaftari, na mwanga bado upo kwa dakika arubaini hivi. Lile lango tuliloingilia lina upana gani? Yupo anayejua? Hata wewe mwenye kuingiza wageni kila siku? Haya, wawili wawili. Wewe shika ncha hii, mwambie mwenzako asiivute sana, tepu hii ni ya zamani, inapenda kukatika kwenye mita ya tatu.